Watano Walishuka, Watano Walipanda

Inspekta alipokanyaga jukwaa, Mhasibu alikuwa amemkaba kiongozi wa wazamiaji ukosi wa fulana, na kiongozi hakuwa hata akijitetea.

"Mwachie," Inspekta alisema.

"Amemzamisha mama yangu!"

"Mwachie kwanza. Akikata roho nitamhoji nani?"

Vidole vya Mhasibu vililegea kimoja kimoja. Alikuwa bado na suti ya mpira mwilini, maji yakimchuruzika miguuni, na macho yake yalikuwa mekundu kwa chumvi na kwa kilio. Nyuma yake mkewe alikaa kwenye benchi amejifunika taulo.

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti isiyopanda. Hakuwahi kuipenda bahari, na alikuja kwenye boti ya polisi ameshikilia ukingo kwa mikono yote miwili. Sasa alisimama katikati ya mbao zile zilizokuwa zikiyumba taratibu, akatazama pande zote.

Jukwaa lilikuwa na upana wa madarasa mawili, limefungwa kwa minyororo mahali ambapo kina cha maji kilikuwa kama ghorofa moja na nusu. Wageni waliletwa hapo kwa boti, wakavalishwa suti za mpira, kisha wakatwikwa mabegani kofia kubwa ya chuma yenye kioo mbele. Kila kofia ilikuwa na mpira mrefu uliopeleka hewa kutoka kwenye pampu. Wakishavaa walishuka ngazi na kutembea juu ya mchanga wa bahari kama watu wanaokwenda sokoni, kichwa kikavu kabisa. Tangazo la bandarini liliandikwa kwa herufi nyekundu: HUJUI KUOGELEA? WEWE NDIYE TUNAYEMNGOJA. Ndilo lililomvuta Mhasibu. Yeye hakujua kuogelea, mkewe hakujua, na mama yake, mshonaji mstaafu aliyefiwa na mume, alikuwa akiogopa hata ndoo ikijaa sana.

"Nieleze," Inspekta alimwambia. "Polepole."

"Tulishuka watano. Mimi, mke wangu, mama, na maharusi wawili tuliokutana nao kwenye boti. Chini tukashikana mikono, tukatembea. Mama nilimshika mimi, afande. Kwa mkono huu! Halafu huyu bwana akatupa ishara ya kupanda, mmoja mmoja. Mama alitangulia, yeye ndiye aliyekuwa karibu na ngazi. Mimi nilifuata. Nilipovuliwa kofia nikageuka kumtafuta. Hayupo."

"Ulimwona akipanda?"

"Niliona miguu. Halafu mapovu tu. Ameteleza ngazini, ameanguka, na huyu kiongozi wao alikuwa anatazama samaki!"

Kiongozi, ambaye wenzake walimwita Pomboo kwa jinsi alivyokuwa kama aliyezaliwa majini, aliinua mikono. "Afande, kazi hii nimeianza sijaota ndevu. Mimi hutangulia kushuka, nawapokea chini. Walishuka watano, walipanda watano. Kila anayepanda namgusa bega, nahesabu; nyuso sitazami. Kofia tano zile pale. Suti mbili zimevaliwa, tatu zinaning'inia kwenye kamba. Kofia haiwezi kupanda ngazi yenyewe."

"Na mtu aliyekuwa ndani yake?"

Pomboo alikuna kichwa. "Hapo ndipo akili yangu inapogota."

Upande wa pili wa jukwaa wazamiaji wa polisi waliibuka, wakatikisa vichwa, wakazama tena. Koplo, kijana mrefu aliyependa kukisia kabla ya kuuliza, alikuja na habari za maharusi, ambao walikuwa wamekwisha kurudishwa hotelini.

"Wanasema hawakuona kitu, afande."

"Hata samaki?"

"Hata samaki. Walikuwa wanatazamana."

"Picha je? Tangazo linasema kila mgeni anapigwa picha chini."

"Mpiga picha ana mafua. Leo hakuja."

Inspekta alishusha pumzi. Alimwendea fundi wa pampu, mwanamume mkimya aliyekuwa akijifuta mikono kwa kitambaa.

"Wewe ndiye unayewatwika kofia?"

"Ndiyo. Nilitwika tano, nikatua tano. Kazi yangu ni hewa, afande. Hewa haikukatika."

"Ulipomtua kofia yule mama, alikwenda wapi?"

"Watu wakitua kofia wanakwenda kubadili nguo. Mimi nilikuwa natazama pampu."

Mikono ilikuwa imekwisha kuwa safi, lakini aliendelea kuifuta.

Katika kibanda cha mbao, pembeni, mpishi wa jukwaa alikuwa akiwasha jiko la gesi. Alikuwa mke wa fundi. Kazi yake ilikuwa kuwapikia wageni chai na kuwasaidia wanawake kuvaa suti. Alimpa Inspekta kikombe, na kikombe kikagongana na kisahani chake.

"Ulimsaidia yule mama kuvaa?"

"Ndiyo, afande."

"Alipopanda, ulimwona?"

"Nilikuwa na chai jikoni."

"Kuna boti nyingine iliyofika hapa leo?"

"Hapana. Iliyowaleta wao tu."

Inspekta alimshukuru kwa chai, akaenda kuketi benchini kando ya mke wa Mhasibu.

"Pole, dada. Mama mkwe wako aliamkaje leo?"

"Mchangamfu. Kupita kiasi. Alikuwa anaimba bafuni."

"Hakuna aliyemkasirisha?"

Yule mwanamke alimtupia mumewe jicho. "Kulikuwa na maneno kidogo wakati wa chai."

"Mambo ya kawaida," Mhasibu alidakia. "Mama na mtoto."

"Mji huu mna ndugu?"

"Hatuna."

Jibu la Mhasibu lilitoka mbio, kama mtu anayefunga mlango mgeni asiingie. Mkewe alianza kutazama vidole vya miguu yake.

Koplo alimvuta Inspekta kando. "Afande, mimi simwamini huyu mwana. Waligombana asubuhi. Aliyemshika mkono mara ya mwisho ni yeye. Na machozi ni maji tu."

"Huenda," Inspekta alisema. "Lakini hapa juu tumesikia tu. Hatujaona. Mwambie Pomboo alete kofia mbili."

"Mbili?"

"Moja yangu. Ya pili yako."

Koplo aliyatazama maji. "Unajua kuogelea, afande?"

"Hapana. Mimi ndiye wanayemngoja."

Mpishi alimsaidia kuvaa suti katika chumba cha kubadilishia, bila neno. Nguo za Inspekta zilitundikwa kwenye msumari. Nje, kwenye ubao wa viatu kando ya ngazi, aliacha buti zake karibu na makubadhi ya kiume na kandambili zenye ua. Kisha alishuka ngazi hadi maji yakamfika kifuani, na hapo fundi akamteremshia kofia.

Ilikuwa nzito kama gunia la saruji. Kelele za hewa zilimjaa masikioni. Ngazi moja zaidi, maji yakapanda juu ya kioo, na Inspekta, ambaye alikuwa amewahi kumkabili jambazi mwenye panga, alifumba macho na kumtaja Mungu. Kisha akayafumbua. Uso wake ulikuwa mkavu. Aliweza kupumua. Uzito wote wa kofia ulikuwa umetoweka, kana kwamba kuna mtu mwema aliyempokea mzigo.

Alipogusa mchanga miguu yake iliruka kidogo na kutua tena. Samaki wenye mistari walimzunguka, wakajitazama kwenye kioo chake, wakaenda zao. Inspekta alijikuta akitabasamu peke yake mle ndani, akajikaripia. Alikuwa amekuja kazini.

Alianza kupima. Aliita jina la Koplo kwa nguvu, na sauti ikamrudia mwenyewe. Aligeuza kichwa, lakini kofia haikugeuka. Kilichogeuka ni uso wake tu, na mbele ya macho yake kukawa chuma. Ili kumwona mtu wa kando ilimbidi azungushe mwili mzima, taratibu, kama mlango mzito. Mkono ulimshika mkono wake wa kushoto. Alifarijika, Koplo naye alikuwa anaogopa. Wakatembea hivyo hadi kwenye mwamba na kurudi, bega kwa bega, kila mmoja akitazama mbele.

Karibu na ngazi Inspekta alizunguka mwili wote ili amwonyeshe Koplo dole gumba. Aliyeshikana naye mkono alikuwa Pomboo. Koplo alikuwa nyuma kabisa, amesimama mbele ya kundi la samaki, ameduwaa kama mtoto dukani.

Inspekta alisimama pale pale kwenye mchanga, hewa ikivuma masikioni, akafikiri. Kisha akapanda.

Juu, kabla hajavua suti, alikwenda moja kwa moja kwa Mhasibu.

"Mama yako anavaa pete?"

"Ya ndoa. Haivuliwi tena. Kidole kimeshanenepa."

"Mkono gani?"

"Kushoto."

"Na huko chini ulimshika mkono gani?"

"Wa kushoto. Alikuwa kuliani kwangu."

"Mkono huo ulikuwa na pete?"

Mhasibu alitazama kiganja chake. Alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena, kama anayejaribu kukumbuka kitu kwa ngozi. Mkewe aliinuka kutoka kwenye benchi.

"Haukuwa na pete," Mhasibu alisema kwa sauti ndogo.

"Ulimwona uso?"

"Alikuwa kando yangu... Nilijua ni mama. Nani mwingine?"

"Mimi nimetembea na Pomboo nikidhani ni Koplo. Sasa njoo." Aliwapeleka kwenye ubao wa viatu. "Makubadhi haya ni yako. Hizi kandambili ni za mkeo. Buti zangu hizi. Za Koplo zile. Viatu vya mama yako viko wapi?"

Hakuna aliyekuwa amewaza viatu. Walikuwa wameona mkoba na simu ya mama kwenye kabati ambalo ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa Pomboo, na hayo yakawatosha kuanza kulia.

"Na gauni lake?" Inspekta aliendelea. "Nimebadili nguo mle ndani. Hakuna gauni kwenye msumari wowote. Anayezama hapandi kwanza kuvaa gauni na viatu ili akazame vizuri."

Mhasibu alishika ngazi. "Unasema... yuko hai?"

"Nasema hakushuka majini kabisa. Nisubiri hapo."

Aliingia kibandani kwa mpishi, akafunua sanduku la vinywaji. Vipande vya barafu vilikuwa vizima, vikubwa, pembe zake bado kali. Kando yake kulikuwa na madumu ya maji ya kunywa ambayo vifuniko vyake havijakatwa.

"Barafu hii imekuja na nani?"

Mpishi alianza kupanga vikombe.

"Kwa jua hili, ingekuwa ya jana ingekuwa supu. Kuna boti imeleta barafu na maji leo, na boti haiondoki mikono mitupu. Mwanangu, sikuja kukufunga. Nataka kujua mama wa watu yuko wapi."

Mpishi alijifunika uso kwa aproni. Kwanza Inspekta alidhani anakohoa. Kisha maneno yakaanza kutoka yakifuatana.

"Alivaa suti hadi magotini, afande, akaanza kutetemeka. Akaniambia, 'Mimi humo siingii, hata waniwekee kitanda.' Lakini alimwonea huruma mwanawe, alivyomlipia kwa furaha. Akaniuliza, 'Wewe umeshawahi kushuka?' Nikamwambia sijawahi. Miaka yote nawapikia chai watu wanaotoka huko, wote wanatoka wanacheka. Nilitaka siku moja nijue wanachekea nini. Akasema, 'Basi nenda wewe, mwanangu. Nafasi isipotee.' Mume wangu alinikatalia, nikambembeleza, nikashuka wa mwisho, wengine wakiwa tayari chini. Boti ya barafu ilikuwa inaondoka, mama akapanda. Akaniagiza nimwambie mwanawe kwamba amerudi nchi kavu, watakutana hotelini jioni."

"Na hukumwambia."

"Nilipopanda nilikimbilia kubadili nguo, kwa sababu mfanyakazi akivaa kofia ya mgeni anafukuzwa. Nilipotoka, huyu kaka tayari anapiga kelele, jela, jela! Ulimi ukanikauka. Nikasema moyoni, nitasema sasa hivi. Kila nikitaka kusema, jambo limeshakuwa kubwa zaidi. Halafu polisi. Halafu wazamiaji..."

"Umemliza mtu msiba wa mama aliye hai."

"Najua, afande. Najua."

Mlangoni Mhasibu alikuwa amesikia kila neno. Aliketi palepale kwenye mbao zilizolowa, miguu mbele kama mtoto, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mkewe alimkumbatia kichwa. Pomboo alilala chali katikati ya jukwaa, mikono ameitandaza, akilitazama anga.

"Ungeniambia hata mimi!" alipiga kelele akiwa amelala. "Mimi nimeshaaga watoto wangu moyoni!"

"Nisamehe, kaka."

"Nikusamehe! Nilikuwa tayari najichagulia kona ya mahabusu!" Kifua chake kilipanda na kushuka. "Haya. Na huko chini, ulionaje?"

Mpishi alishusha aproni. "Pazuri," alisema, na midomo ikamcheza.

"Mwenye jukwaa akiniuliza," Pomboo alisema, "walishuka watano wakapanda watano. Zaidi ya hapo mimi siulizwi."

Inspekta alijifanya hakusikia. Aliwapungia wazamiaji watoke majini, kisha akampa Koplo kazi ya kupiga simu. Hotelini, mama hakuwa amefika. Furaha ya Mhasibu ilianza kupungua rangi. Nahodha wa boti ya barafu simu yake ilikuwa imezimwa. Alipopatikana, alikuwa gereji anatafuta mkanda wa injini.

"Yule mama mcheshi?" alisema, sauti ikisikika kwa wote. "Nilimshusha gatini salama salimini. Akaniuliza njia ya nyumba za manesi, nyuma ya hospitali kuu. Nikampakia teksi."

Mhasibu aliinamisha kichwa. Mkewe alimtazama.

"Unasema wewe, au niseme mimi?"

Akasema mkewe.

"Dada yake mama anakaa huko. Alikuwa nesi. Kwenye msiba wa baba mkwe walikosana na mume wangu kuhusu mahali pa kuzika. Tangu siku ile mume wangu hataki jina lake litajwe nyumbani, na mama amekatazwa kwenda. Leo asubuhi mama aliomba tena akamsalimie dada yake. Akaambiwa tumekuja kupumzika, hatukuja kufufua ugomvi."

"Mji huu nani aliuchagua?" Inspekta aliuliza.

"Mama."

Inspekta alimgeukia Mhasibu. "Uliniambia hamna ndugu hapa."

"Nilisema..." Alijifuta pua kwa mkono wa suti ya mpira. "Nilikuwa nimeshajizoeza kusema hivyo, afande."

Nyumba za manesi zilikuwa safu moja ya milango ya kijani, bati juu, nguo kwenye kamba mbele ya kila mlango. Inspekta aligonga ule wa mwisho. Alifungua mwanamke mzee, mrefu, aliyenyooka kama nguzo. Aliitazama sare ya polisi kutoka kofia hadi buti.

"Tukusaidie nini?"

Kwa nyuma, sebuleni, mwanamke mnene alikuwa ameketi kwenye mkeka, nusu ya kichwa chake imesukwa na nusu iko wazi, kitana kimechomekwa katikati. Kidoleni mwake pete ilikuwa imezama kwenye nyama. Alipoona polisi alishika kifua.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Wewe, mama," Inspekta alisema.

"Mimi?"

"Tangu asubuhi. Tumekutafuta hadi chini ya bahari."

Mhasibu alimpita Inspekta mlangoni, akapiga magoti kwenye mkeka, akamkumbatia mama yake kiunoni, akaficha uso tumboni mwake. Mama alitazama wote mmoja mmoja, hajaelewa, huku mkono wake umeshaanza kumpapasa mwanawe mgongo.

"Yule binti hakuwaambia? Jamani! Nilimwagiza!" Alipoelezwa, aliguna, akatikisa ile nusu ya kichwa iliyosukwa. "Maskini. Basi msimfukuzishe kazi. Mimi ndiye niliyemsukuma. Na wewe, baba, nyamaza sasa. Nipo. Nishike unione. Nipo."

"Ungesema unataka kuja huku," Mhasibu alisema, sauti ikipotea kwenye gauni.

"Si nilisema? Nilisema leo, nilisema mwaka jana. Nikaona nikiendelea kuomba ruhusa, tutakuja kuonana na dada yangu kaburini." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayepima kitambaa. "Nilikwisha kuzika mume. Dada sijamzika, halafu namkosa! Hapana."

Inspekta alitoka uani, akapiga simu jukwaani. Pomboo ndiye aliyepokea. "Yuko hai, ana afya, anasukwa," alimwambia. Upande wa pili kulisikika yowe, kisha vifijo, kisha kitu kizito kikaanguka majini. "Ni fundi," Pomboo alieleza. "Amejirusha mwenyewe. Ni furaha, afande."

Aliporudi mlangoni, Mhasibu alikuwa amesimama. Mbele yake alisimama yule nesi mzee, mikono ameifunga kifuani, na kati yao kulikuwa na upana wa mkeka tu. Mama alikuwa ameacha kusema, jambo ambalo Inspekta alihisi halikuwa la kawaida yake.

Mhasibu aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

Yule mzee alimtazama usoni, akaitazama suti ya mpira ambayo hakuwa amekumbuka kuivua, iliyokuwa ikidondoshea maji ya chumvi kwenye sakafu yake iliyong'aa. Kisha alivuta taulo kutoka kwenye kiti, akamrushia begani.

"Marahaba, baba," alisema. "Umekonda. Jikaushe, kisha ukae. Naona hamjala."